Msaada: kutia rangi jeli za protini bila methanoli, maabara haina pa kutolea hewa na baridi ya Iringa hairuhusu kufungua madirisha

Kihesa_Lab:

Kamwene wadau. Niko Iringa, ni fundi wa maabara kwenye chuo kimoja, naombeni msaada wenu maana hili jambo limeanza kuninyima usingizi.

Tunaendesha jeli za SDS-PAGE, yaani kutenganisha protini kwa ukubwa kwa umeme ndani ya jeli, na protini zetu ni za maharage. Wanafunzi wa mwaka wa 3 wamekusanya mbegu kwa wakulima kuanzia Kilolo mpaka Mufindi, wanaangalia faseolini, ile protini kubwa ya akiba kwenye maharage, maana maharage yenye asili ya Andes na yale yenye asili ya Amerika ya Kati yanatoa bendi zenye mpangilio tofauti pale kwenye kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa protini) 45 hadi 50 na kidogo. Kazi nzuri na vijana wanaipenda, wanakuja mpaka jumamosi bila kuitwa.

Shida ni rangi. Dawa yetu ni ile ya siku zote, Coomassie R-250, rangi ya bluu inayoshika protini, gramu 1 kwa lita, karibu nusu yake methanoli, asidi ya asetiki mililita 100, iliyobaki maji. Halafu kuondoa rangi ni methanoli tena na asidi tena, unabadilisha mara 3 mara 4 mpaka jeli iwe nyeupe. Kila jeli inakula karibu nusu lita ya hayo maji na wiki moja tunaendesha jeli 8 mpaka 10. Hatuna kabati la kuvuta hewa, lililopo feni yake ilishakufa na nimeambiwa nisubiri bajeti. Miezi ya joto nilikuwa nafungua madirisha yote maisha yanaendelea, lakini sasa hivi ni juni, mnajua wenyewe Iringa ya juni ilivyo, asubuhi chupa ya asidi ya asetiki naikuta imeganda nyeupe kabisa kama barafu, nani atafungua dirisha? Basi tunafunga, mvuke unabaki humo humo na sisi ndani. Juzi binti mmoja alitoka nje anashika kichwa macho yanatiririka machozi, nikamkalisha juani mpaka akatulia. Nikajiuliza, akipatwa na kitu mtoto wa watu nitamwambia nini mama yake.

Kwa hiyo nauliza. Kuna njia ya kutia rangi jeli bila methanoli, ya bei ambayo chuo cha kawaida kinaweza? Naweza kuweka spiriti ya dukani badala yake? Na mwanafunzi mmoja ameniuliza kuhusu rangi za keki, sikuwa na jibu. Bendi zangu sio za kubabaisha, kila mstari wa jeli naweka maikrogramu 10 hivi za protini, sihitaji kuona vitu vidogo sana. Nitashukuru sana kwa aliyewahi kufanya kwa mikono yake.

Mwakemia_Tukuyu:

Ugonile dada, pole sana na pole ya huyo binti. Hiyo methanoli iache kabisa, tena leo. Sio harufu tu. Ikiingia mwilini ini linaigeuza kuwa formaldehaidi halafu asidi ya fomiki, na hiyo ndiyo inayoua mshipa wa jicho, ndio maana watu wanapofuka kwa pombe iliyochanganywa. Na haiingii kwa kunywa tu, inapita kwenye pumzi na kwenye ngozi. Halafu mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 11 au 12 tu, yaani hata kwenye hiyo baridi yenu ya juni mchana.

Mimi nina miaka kadhaa sasa natumia maji tu. Ndiyo, maji. Sikiliza.

Unanunua Coomassie G-250, sio R-250, angalia lebo vizuri maana hizi herufi ndizo kila kitu. Chukua lita 1 ya maji ya distili, weka miligramu 60 mpaka 80 za G-250, koroga masaa 2 mpaka 4 ili iyeyuke vizuri, halafu ongeza asidi haidrokloriki ile kali ya asilimia 37, mililita 3 tu, inakupa kama milimola 35 kwa lita. Asidi ndio inaingia kwenye maji, usigeuze. Itabadilika kutoka bluu kuwa kama kahawia au bluu iliyofifia, usiogope ndio inavyotakiwa, funika chupa na foili iweke gizani. Imeisha. Hakuna methanoli, hakuna asidi ya asetiki.

Kwa nini inafanya kazi: G-250 kwenye asidi, ikiwa peke yake majini, inakuwa na rangi ya kahawia. Ikishika protini inageuka bluu. Ni ile ile ya kupimia protini kwa njia ya Bradford, kama umewahi kuitumia umeona yenyewe inavyogeuka. Maana yake jeli yako haiwi bluu yote, bendi zinakuwa bluu na kwingine kunabaki karibu safi, unapunguza sana ile kazi ya kusafisha.

LAKINI, na hapa ndipo watu wanapokosea halafu wanasema njia ni mbaya, lazima utoe SDS kwanza, ile sabuni inayotumika kuendeshea jeli. SDS imeganda kwenye protini na imejaa kwenye jeli nzima, rangi ikija inakuta nafasi imeshikwa. Methanoli na asidi ya asetiki kwenye njia ya zamani zilikuwa zinaosha SDS huku zinagandisha protini, ndio kazi yao kubwa mle. Ukiziondoa kazi hiyo inabidi uifanye na maji ya moto. Jeli ikitoka, iweke kwenye chombo na maji ya distili kama mililita 100, pasha kwenye maikrowevu sekunde 30 hivi, yasichemke, yawe moto tu, tikisa dakika 3 mpaka 5, mwaga. Rudia mpaka zifike mara 3. Baada ya hapo mimina rangi ifunike jeli, pasha kidogo sana sekunde 10, tikisa. Bendi kubwa utaziona ndani ya dakika chache, nusu saa zote zimetoka. Ukimaliza weka kwenye maji tu, zile bendi zinazidi kukaza.

Sasa hesabu, maana umesema bajeti. Chupa ndogo ya gramu 5. Kwa njia yenu ya gramu 1 kwa lita inatoa lita 5. Kwa njia hii ya miligramu 70 inatoa lita 70. Jeli ndogo inataka mililita 50, yaani jeli 1,400 kwa kichupa kimoja! Na hujanunua hata tone la methanoli. Hata ukitumia mara moja na kumwaga bado uko mbele sana.

Asidi haidrokloriki yenyewe bado inaunguza wakati wa kupima, vaa glavu na miwani, lakini ikishakuwa mililita 3 kwenye lita nzima mvuke wake hausumbui. Na glavu usivue, jeli yenyewe ina mabaki ya akrilamaidi, ile sumu inayotengenezea jeli, ambayo haikushikana.

Mzee_wa_Pipeti:

Mwakemia kasema vizuri na mimi naunga mkono, nina la kuongeza kuhusu ile R-250 uliyonayo kabatini, usiitupe binti yangu, ni hela ya chuo.

R-250 haipendi maji matupu, inataka kilevi cha kuiyeyusha, lakini hakuna sheria inayosema kilevi hicho kiwe methanoli. Tangu 1971 kuna watu wanatumia isopropanoli asilimia 25 na asidi ya asetiki asilimia 10, rangi nusu gramu kwa lita, halafu kuondoa rangi ni asidi ya asetiki asilimia 10 peke yake bila kilevi chochote. Mimi naweka ethanoli badala ya isopropanoli inakubali. Na kwenye kuondoa rangi, nimewahi kukwama nikatumia siki nyeupe ya dukani, soma lebo iwe asilimia 5, ile ya kahawia usiguse. Inachukua usiku kucha lakini asubuhi jeli imesafika. Harufu ya siki utaisikia, ila ni ya jikoni, hutatoka umeshika kichwa.

Kwa hiyo malizia R-250 yako kwa ethanoli taratibu, na oda ijayo agiza G-250.

Sasa spiriti ya dukani. HAPANA ile ya zambarau ya kuwashia taa. Ile ni ethanoli iliyotiwa methanoli makusudi ili watu wasinywe, unakuwa umerudi pale pale ulipotoka, tena na rangi ya ziada. Na hata ethanoli safi, usiipashe moto kwenye maikrowevu wala karibu na jiko. Nimeona mlango wa maikrowevu ukiruka kwa sababu kijana alipasha dawa ya zamani yenye methanoli imefunikwa na kifuniko kinachobana. Mungu alisaidia hakuwa amesimama mbele. Kupasha ni kwa ile ya maji tu.

Jambo moja napenda kuwaambia vijana wangu kila mwaka. Hiyo Coomassie ni Kumasi, mji wa Waasante kule Ghana. Waingereza waliuteka 1874 na wenye viwanda huko kwao wakaipa rangi yao jina la mji huo. Ilikuwa rangi ya kutilia sufu, nguo za sufu. Watu wa protini waliichukua baadaye sana, 1963. Na ukifikiri utaona kwa nini inashika, sufu ni protini. Rangi iliyotengenezwa ishike nywele za kondoo itashika maharage yako pia.

Kihesa_Lab:

Mzee shikamoo, na Mwakemia asante sana, nimechapisha maelezo yenu nimebandika ukutani.

Maswali mawili. Maikrowevu hatuna, na umeme unakatika hasa mchana. Nifanyeje? La pili, hivi baridi inaweza kuwa inachangia? Maana tangu mei bafa yangu, yale maji ya chumvi ya kuendeshea jeli, naikuta na vitu vyeupe chini kama theluji, na sampo zikikaa mezani zinaganda.

Mwakemia_Tukuyu:

Hiyo theluji ni SDS dada. Chini ya nyuzi 20 hivi inaanza kujitenga kwenye maji, na Iringa asubuhi mko mbali chini ya hapo. Sampo zipashe upya kabla ya kupakia, na bafa iweke kwenye maji ya vuguvugu mpaka iwe angavu, usiendeshe ikiwa na chenga. Na ukae mbali na chumvi zenye potasiamu, potasiamu ikikutana na SDS inagandisha papo hapo hata kusipokuwa na baridi, kama kuna mtu anatengeneza sampo zake na bafa ya potasiamu utaona mabonge. Halafu baridi inachelewesha hata jeli yenyewe kushikana, ukiimwaga ipe muda mrefu zaidi, usiongeze tu TEMED, ile kemikali ya kuharakisha jeli kushikana, kiholela.

Kuhusu maikrowevu, sisi tulianza bila hiyo. Chemsha maji ya distili kwenye sufuria au birika safi kwa jiko la gesi, weka kwenye chupa ya chai, inakaa moto nusu siku. Ukitaka kuosha jeli mimina maji ya moto kweli, nyuzi 60, 70 hivi, acha dakika 5 unatikisa kwa mkono, mwaga, mara 3. Mara 4 kwa jeli nene ya milimita 1.5. Rangi yenyewe pasha kwa kuiweka kwenye chupa ya kioo ndani ya sufuria ya maji moto. Chombo chetu cha kutikisa kilikuwa mkono wa mwanafunzi, wanapokezana.

Chupa ya chai iwe ya maabara tu, iandike kabisa kwa maka peni, isirudi jikoni.

Binti_Isyesye:

Habari zenu. Niko Mbeya mjini, mimi siko upande wa maji moja kwa moja, naomba nieleze kwa nini.

Njia ya Mwakemia ni nzuri kwa protini kubwa na za katikati kama faseolini. Lakini haina kitu cha kugandisha protini ndani ya jeli. Mimi nafanya na protini ndogo, za kilodaltoni 10 na chini yake, nikiziosha mara 3 kwa maji ya moto zinaondoka zangu, kesho yake bendi imetanda kama wino kwenye karatasi mbovu au haipo kabisa. Dada Kihesa wewe haikuhusu sana, ila kuna atakayesoma hapa inamhusu.

Mimi natumia ile ya aluminiamu. Kwa lita 1: gramu 50 za salfeti ya aluminiamu unayeyusha kwenye maji kwanza kabisa, halafu ethanoli mililita 100, halafu G-250 gramu 0.2, ukishakoroga ikayeyuka ndio unamalizia na asidi fosforiki ya asilimia 85 kama mililita 23 na nusu, kisha maji mpaka lita. Mpangilio huo usiubadilishe, nilitanguliza asidi siku moja nikapata uji. Ikikamilika utaona vitu vidogo vinavyometameta vinaelea, HUO NDIO UZURI WAKE, usichuje. Rangi inakuwa kwenye chembe ndogo ndogo ambazo haziingii kwenye jeli kirahisi, rangi huru iliyoko majini ni kidogo tu na hiyo ndiyo inayoshika protini. Kabla ya kutumia tikisa chupa chembe zisambae.

Jeli ioshe kwa maji kwanza mara 3 dakika 10 10, weka kwenye rangi, baada ya dakika 10 bendi zinaanza, masaa 2 zimekamilika, ukiiacha usiku kucha haiharibiki. Kusafisha ni ethanoli asilimia 10 na asidi fosforiki asilimia 2, au maji tu ukiwa na subira. Inaona mpaka nanogramu 10 na chini kidogo. R-250 ya kawaida mimi inanigomea ikishuka chini ya 50. Kwa hiyo kuna watu walikuwa wanakimbilia fedha, nitreti ya fedha, ambayo ni ghali na inataka formaldehaidi, wakija kwenye hii wanaachana nayo.

Sasa kisa cha shabu. Niliona bei ya salfeti ya aluminiamu ya maabara nikasema mbona hii ndiyo ile shabu ya kusafishia maji, nikachukua ya magunia. Jeli ikatoka chafu, madoa na ukungu wa njano njano. Ile ya kusafishia maji ina chuma na uchafu, na nyingine za sokoni hata sio salfeti ya aluminiamu ni ile yenye potasiamu, na potasiamu na SDS Mwakemia ameshaeleza. Nilirudi nikanunua ya maabara, kilo 1 inatoa lita 20, haina haja ya kubana hapo.

Mzee_wa_Pipeti:

Marahaba Kihesa, sikukujibu salamu.

Binti Isyesye yuko sahihi kuhusu protini ndogo. Kwa anayetaka njia ya maji na ana protini ndogo, loweka jeli kwanza dakika 20 kwenye ethanoli asilimia 30 na asidi ya asetiki asilimia 10 ndio uanze kuosha, ile inagandisha. Ni kiasi kidogo tu cha kilevi, mara moja.

Mwanafunzi_Njombe:

Samahani wakubwa zangu naingilia. Kihesa aliulizia rangi za keki na mimi nilikuwa na wazo hilo hilo, ile bluu ya chakula E133 si ni jamii moja na Coomassie? Muundo wake nimeuchora unafanana sana. Ingekuwa salama kabisa na bei ya elfu moja tu dukani.

Mzee_wa_Pipeti:

Swali zuri kijana na kuchora umechora sawa, zote ni familia moja. Ila familia moja haina maana tabia moja. Hiyo ya chakula imetengenezwa ipende maji, ndio maana unaila na inapita. Coomassie ina sehemu kubwa zinazokimbia maji, inajibana kwenye protini na kukaa. Nimeijaribu ya chakula kwenye siki, maikrogramu kadhaa za albumini niliona kivuli cha bendi, nilipoosha tu ikaondoka. Na vile vichupa vya dukani vina sukari, gliserini na mara nyingine rangi 2 zimechanganywa.

Iliyokaribia ni Fast Green FCF, ile kijani. Hiyo kweli inatumika kwenye protini miaka mingi, ila uone ya maabara, na haifikii Coomassie kwa nguvu.

Kama unataka bei ya chini kabisa na una protini nyingi, jaribu hii siku moja ujifunze: potasiamu kloraidi, gramu 18 na nusu kwa lita, ibaridi sana kama barafu, tumbukiza jeli mara tu inapotoka, BILA kuosha. Ile tabia ya potasiamu kugandisha SDS ambayo huko juu ni adui, hapa ndiyo inakuonyesha. Bendi zinakuwa nyeupe, weka karatasi nyeusi chini. Dakika 5 tu. Haioni kidogo, inataka maikrogramu, na ikipata joto inapotea, lakini ukitaka kukata bendi utoe protini ikiwa haijagandishwa ndani ya jeli ni nzuri. Njombe kwa baridi yenu hamhitaji hata friji. Mbolea nyekundu ya potashi usitumie, ule wekundu ni chuma.

Binti_Isyesye:

Kuna na ile ya zinki na imidazoli, hiyo inageuza jeli nzima kuwa nyeupe na bendi zinabaki kama madirisha ya kioo. Robo saa unamaliza na inaona kuliko potasiamu. Lakini imidazoli sio bei rahisi na maji yake yenye zinki hayafai kumwaga ovyo, yanaua samaki, kwa hiyo kwa swali la dada siioni kuwa jibu.

Rungwe_Kijani:

Nimesoma yote nimefurahi, naomba niongelee kinachotoka maana kila mtu anaongelea kinachoingia.

Dada uko Iringa, maji yenu yanatoka Ruaha Mdogo na yanarudi huko huko, yanaenda Ruaha Mkuu mpaka Mtera. Lita zako 4, 5 za methanoli na asidi kila wiki zilikuwa zinaenda wapi? Sikulaumu, wengi wetu tulikuwa tunafungua bomba tunamwaga. Ile iliyobaki usiimwage, ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko, liandike, likae mbali na moto mpaka chuo kipate wa kuichukua na kuiteketeza.

Kwa hizi njia mpya. Ya maji na asidi haidrokloriki, ukimaliza weka magadi kidogo kidogo mpaka mapovu yaishe, asidi imekwisha. Rangi iliyobaki itoe kwa mkaa, sio huu wa kupikia, ule wa kuchujia maji uliochomwa maalumu, ushonee kwenye kifuko cha kitambaa kama majani ya chai ili unga usitawanyike. Ukilaza usiku asubuhi maji ni meupe.

Na hapo kwenye sufu Mzee ametupa kitu kikubwa pengine bila kujua. Wakati wa kuondoa rangi usibadilishe maji mara 4. Weka maji mara moja na utumbukize pembeni kipande cha uzi wa SUFU HALISI, rangi inayotoka kwenye jeli inakimbilia kwenye sufu na kubaki huko, maji yanabaki safi na yanaendelea kuvuta. Tishu iliyofungwa fundo au kipande cha sponji navyo vinafanya, ila sufu inashinda. Huu uzi mwingi wa masweta madukani ni plastiki haushiki kitu, jaribu kwa kuchoma ncha, sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inaacha majivu yanayopondeka, plastiki inayeyuka na kuwa kishanga. Usiiweke ikagusa jeli juu ya bendi maana itanyonya na hapo.

Jeli zenyewe usitupe kwenye shimo la mbolea.

Kihesa_Lab:

Wadau nimerudi. Imepita wiki 3. Nilisubiri G-250 ifike kutoka Dar, huku tukimalizia R-250 kwa ethanoli kama Mzee alivyosema.

Jeli ya kwanza ya njia ya maji ilikuwa mbaya, niseme ukweli. Bendi hafifu na jeli nzima ina wingu la bluu bluu. Nikataka kukata tamaa, ikabidi nisome tena maelezo ya Mwakemia pale ukutani nikaona kosa, maji yangu ya kuoshea yalikuwa vuguvugu tu, chupa ya chai ilishapoa, na niliosha mara 2 nikaona inatosha. Pia chombo kilikuwa kidogo jeli imejikunja kona moja. Ya pili nikaosha mara 4, maji ya moto kweli, povu la SDS nikaliona kwa macho kwenye maji ya kwanza na ya pili, la tatu hakuna. Nikamimina rangi. Dakika 6 zile bendi za faseolini zikaanza kuchomoza, wanafunzi walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuangalia.

Kitu kimoja nimekigundua, jeli ikikaa kwenye maji matupu usiku kucha inavimba, inakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa, ukipima umbali wa bendi kulinganisha na lada, zile protini za ukubwa unaojulikana, piga picha kabla. Sisi tunapiga kwa simu, jeli tunaiweka juu ya kisanduku cha taa cha kusomea picha za X-ray ambacho hospitali moja ilikuwa imekiweka stoo, wakatupa. Picha tunaigeuza nyeusi na nyeupe bendi zinasoma vizuri zaidi.

Uzi wa sufu nimeupata kwa mama mmoja anayesuka mwenyewe, nimechoma ncha mbele yake akanishangaa nikamweleza. Unashika rangi kweli, umekuwa bluu nzuri.

Madirisha tumefunga, nje nyuzi sijui ngapi, na ndani hakuna anayeumwa kichwa. Yule binti ndiye anayeshika zamu ya kuosha jeli sasa hivi, ndiye mwenye saa.

Mwakemia swali la mwisho: rangi niliyoitumia jeli 3 imeanza kufifia, niongeze G-250 humo humo au nimwage nianze upya?

Mwakemia_Tukuyu:

Hongera sana dada, nimefurahi kama ni jeli yangu.

Anza upya. Ina SDS ya jeli 3 humo ndani, ukiongeza rangi unaongeza kwenye uchafu. Miligramu 70 hazina uchungu. Ya zamani ipeleke kwenye magadi na mkaa wa Rungwe_Kijani.

Na hizo sampo za Mufindi mkimaliza weka picha hapa, mimi nina maharage ya bibi yangu wa Busokelo nataka kujua ni ya upande gani.